Mtoto Haongei: Nini Hupimwa Kabla ya Kusema Ni Usonji

Kila ikifika tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya uelewa wa usonji, redio hujaa mazungumzo juu ya hali hii. Baada ya hapo swali moja huzunguka kwenye kliniki za watoto na vibarazani, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe hapa Tanga: mtoto ametimiza miaka mitatu, haongei, je, ni usonji? Majibu hayakosekani. Jirani atasema ndiyo. Bibi atasema tulia, babake naye alichelewa. Mwingine atasema ni udata, ulimi ukatwe. Wote wanajibu kabla mtoto hajapimwa, na hapo ndipo watoto wengi wanapopoteza mwaka au miwili ya thamani kubwa.

Tuanze na maneno yenyewe, maana yanachanganywa. Mawasiliano ni kupeleka na kupokea ujumbe kwa njia yoyote: kidole, macho, kilio, picha, neno. Lugha ni mfumo wa maneno na kanuni zake, ndani yake kukiwa na kuelewa na kueleza. Usemi ni sauti zinazotoka mdomoni. Mtoto anaweza kuwa na lugha bila usemi, kama kiziwi anayetumia lugha ya alama. Anaweza pia kuwa na usemi mwingi na mawasiliano haba, kama anayekariri tangazo la redio neno kwa neno lakini hawezi kuomba maji.

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayojionyesha tangu utotoni kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni ugumu wa kuhusiana na watu: kuonyeshana vitu, kupokezana zamu, kusoma nia ya mwenzake. La pili ni mienendo ya kujirudia na kung'ang'ania mambo machache, pamoja na hisi zinazopokea sauti, mguso au ladha kwa ukali mno au kwa ufinyu mno. Jambo moja peke yake halitoshi kuitwa usonji, na kuchelewa kusema si sharti lake. Tatizo la ukuaji wa lugha ni jambo jingine: mtoto anasikia, anapenda watu, anacheza na wenzake, ila maneno na sarufi havimkai. Huko Uingereza utafiti kwa watoto wanaoanza shule ulilikuta kwa takriban asilimia 7, na kwa kiwango hicho darasa la watoto 45 lingekuwa na watatu. Hali hii haisikiki redioni, nayo huwapata wengi kuliko usonji. Ulemavu wa akili ni hali nyingine tena, ambapo uwezo wa kufikiri na stadi za maisha ya kila siku, vyote viwili, viko nyuma sana ya umri. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na zaidi ya hali moja.

Bomba la nyumbani likikauka, fundi hatangazi papo hapo kwamba kisima kimekwisha. Anafuata njia nzima: tangi lina maji, mpira umeziba, koki imefungwa? Mtoto asiyeongea naye hufuatwa hivyo. Sauti zinaingia? Zikiingia, anazielewa? Ana jambo la kusema? Anataka kumwambia mtu? Mdomo na ulimi vinaweza kulitoa? Kosa kubwa katika upimaji ni kupima sehemu moja kwa kutumia nyingine, mfano kumuuliza mtoto maswali ya mdomo kisha kuandika kwamba akili yake iko chini.

Masikio kwanza

Masikio hupimwa kwanza hata kama nyumbani wana hakika mtoto anasikia. Wazazi husema, "Mbona honi ya bodaboda ikilia anageuka?" Honi ni sauti kali. Mtoto anaweza kuisikia vizuri huku sauti nyembamba kama s, f na sh zikimpita. Majimaji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara hupunguza usikivu kwa wiki kadhaa au hata miezi, yakipanda na kushuka, hivyo leo anaitika na kesho haitiki, na watu humwita mkaidi.

Kupiga makofi nyuma ya kisogo si kipimo. Mtoto huona kivuli, huhisi upepo, husoma nyuso za walio mbele yake. Vipimo vinavyoaminika kwa mdogo havimtaki ajibu lolote. Kimoja huweka kifaa kidogo mlangoni mwa sikio na kunasa mwangwi unaotolewa na sikio la ndani. Kingine huweka vibandiko kichwani na kusoma jinsi mshipa wa fahamu unavyopeleka sauti kwenye ubongo mtoto akiwa amelala. Kwa mtu wa Tanga mahali pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Ikiwa kipimo hicho hakipatikani siku hiyo, omba rufaa kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, kwenye idara za masikio, pua na koo. Usikubali jibu la "anasikia huyu" bila kipimo.

Mweleze daktari pia historia: manjano makali siku za mwanzo, kuchelewa kulia baada ya kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kulazwa kwa sindano za gentamaisini. Vyote hivi vinaweza kudhuru usikivu au ubongo. Na mtoto aliyekuwa akisema kisha maneno yakapotea, hasa kama kuna degedege, apelekwe haraka, bila kungoja siku ya kliniki.

Kuelewa: hapa ndipo watu hudanganyika

Takriban kila mzazi husema mtoto wake anaelewa kila kitu. Mara nyingi mtoto anaelewa hali, si maneno. Mama anasimama, anatazama mlangoni, ananyoosha mkono: "Kaniletee ndala." Mtoto anakwenda na kuleta ndala, kwa sababu kila siku saa hiyo ndala huletwa, na macho ya mama yameshasema. Hiyo ni akili nzuri, lakini si ushahidi wa lugha.

Kupima kwa haki, mpimaji hukaa, mikono pajani, macho kwenye uso wa mtoto na si kwenye kitu anachokitaja. Mkekani kuna vitu vitano anavyovijua: kikombe, kijiko, ndala, chungwa, sabuni. Aanze na kimoja: "Nipe chungwa." Kisha ombi ambalo mazoea hayawezi kulijibu: "Weka kijiko ndani ya ndala." Mtoto akitumbukiza kijiko kwenye kikombe, amefuata mazoea, akikitia ndani ya ndala, amesikiliza maneno. Kwa kawaida mtoto wa miezi 18 hufuata agizo moja bila ishara ya mkono, na wa miezi 30 hufuata la hatua mbili, kama "okota sabuni umpe bibi". Rudia kila ombi mara mbili kwa sauti ileile, kisha subiri sekunde kumi. Watu wazima hawasubiri; sekunde ya tatu wameshaonyesha kwa kidole na kipimo kimeharibika.

Kuhesabu maneno ya Kiswahili

Miongozo mingi imeandikwa kwa Kiingereza, nayo husema mtoto aunganishe maneno mawili akifika miezi 24. Kwa Kiswahili kigezo hicho kinaponza. "Amenipiga" ni neno moja lenye sentensi nzima ndani yake: nani, lini, nani kapigwa, kafanywa nini. Anayehesabu maneno tu atamwandika mtoto anayesema "amenipiga" chini ya yule anayesema "mama maji", ilhali huyo wa kwanza yuko mbele.

Kwa hiyo hesabu vipande, lakini kwa tahadhari. "Sitaki" ina vipande vitatu, ila mtoto anaweza kuwa ameimeza nzima kama kidonge. Angalia kama anabadilisha: anasema pia "nataka", "hataki", "wanataka"? Kiambishi kikihama kulingana na mtu, anajenga mwenyewe. Kwa upande mwingine, watoto wadogo wa Kiswahili huacha viambishi vya mwanzo kwa muda, wakisema "lala" kwa "amelala", na katika umri wa miaka miwili hilo peke yake si ugonjwa. Linatia shaka likibaki hivyo akiwa na miaka minne au mitano huku wenzake wameshapita. Njia nzuri ni kurekodi mazungumzo halisi akicheza, kuandika kauli 50 alizosema mwenyewe, kisha kuona ni ngapi zake na ngapi za kurudia.

Kurudia kunahitaji sikio makini. Mtoto anaulizwa, "Unataka chai?" Anajibu, "Unataka chai." Wengine huona anajibu vizuri, wengine huona anadhihaki. Mara nyingi ni mwangwi: amebeba kauli ya aliyemuuliza pamoja na kiambishi chake na anaitumia kama ombi. Mwangwi huonekana sana katika usonji, ingawa watoto wote huupitia kidogo. Usiufute kana kwamba ni kelele. Andika ulitokea wakati gani, maana una nia ndani yake.

Halafu kuna watoto wanaosoma Alfatiha bila kukosea, au wanaotaja herufi zote A hadi Z, na familia, kwa furaha ya haki kabisa, inaona lugha ipo. Kumbukumbu hiyo ni nguvu ya kweli na mwalimu ataijengea juu yake. Lakini kipimo cha mawasiliano ni kama anaweza kukwambia tumbo linauma.

Nia ya kumwambia mtu

Hapa mpimaji hutega kwa upole badala ya kuuliza. Pulizia mtoto povu la sabuni mara mbili, kisha funga chupa kwa nguvu, mkabidhi, nyamaza. Au tia biskuti kwenye kopo linaloonyesha ndani, lisilofunguka kwa vidole vyake. Tazama anavyofanya: anakupa kopo na kukuangalia usoni? Ananyoosha kidole? Analia akilitazama kopo tu? Anashika mkono wako na kuupeleka kwenye kifuniko bila kukutazama, kana kwamba mkono ni kifaa kisicho na mwenyewe? Hili la mwisho huonekana mara nyingi kwa watoto wenye usonji.

Kidole nacho kina kazi mbili. Kuna kidole cha "nipe" na kuna kidole cha "tazama!", pale mtoto anapoona ngalawa au jogoo na kutaka tu uone naye. Cha pili hakina faida yoyote ila kushirikiana, ndiyo maana kina uzito mkubwa katika upimaji. Kikikosekana kabisa akiwa na mwaka na nusu, hiyo ni sababu tosha ya kupimwa.

Tahadhari moja kwa watu wa pwani. Dodoso za kigeni hutilia mkazo kutazama macho ya mpimaji. Mtoto wetu hufunzwa asimkodolee macho mkubwa, tena mgeni aliyevaa koti jeupe. Akiinamisha uso mbele ya daktari, inaweza kuwa adabu au woga. Mtazame akiwa na dada yake, akicheza kupikapika na wenzake, akimpokea baba anaporudi. Kama hata huko macho hayakutani na furaha haigawanywi, hapo kuna jambo.

Kufikiri bila maneno

Kupima akili ya mtoto asiyesema kunawezekana, na kumpima kwa maswali ya mdomo ni dhuluma. Maagizo hutolewa kwa kuonyesha, naye hujibu kwa mikono. Kwa mdogo: ficha mbegu ya embe chini ya kitambaa kimoja kati ya viwili, akiona, ataitafuta panapostahili? Weka kitu mbali kwenye ncha ya kanga iliyotandazwa, atavuta kanga? Kwa mkubwa zaidi: panga vifuniko vya soda kwa rangi, iga umbo la njiti za kiberiti, malizia mchoro unaokosa kipande. Vipimo rasmi kama matriki za Raven, vilivyotoka 1938, vimejengwa juu ya wazo hilo la mwisho.

Mtoto akishindwa, kazi ndiyo kwanza imeanza, kwa sababu kushindwa kuna mizizi mingi. Hakujua anatakiwa kufanya nini. Hakupendezwa. Vidole havijazoea, maana hajawahi kushika penseli wala vipande vya plastiki. Ana njaa. Feni inamkera masikio. Kwa hiyo mpimaji humwonyesha, humpa msaada, humjaribu tena mara mbili tatu na kuandika msaada ulikuwa wa kiasi gani. Aliyeshindwa mara ya kwanza na kuweza ya tatu amekuonyesha kitu ambacho alama hazikionyeshi, yaani jinsi anavyojifunza.

Alama nazo zina maana yake. Vipimo vingi vya akili hupangwa ili wastani wa umri uwe 100, na 70 ikiwa mpaka wa chini unaotumika kushuku ulemavu wa akili. Wastani huo ni wa watoto waliotumika kuandaa kipimo. Kutafsiri maswali ya Marekani kwa Kiswahili hakuhamishi wastani wao kuja Muheza, hivyo namba itakayotoka isiandikwe kama ukweli. Ndiyo sababu kazi za jirani zetu zina thamani: pwani ya Kenya ilipata kipimo cha Kilifi cha ukuaji wa watoto wadogo na orodha ya msamiati ya Kiswahili ambayo mama huulizwa kwa mdomo, bila kulazimika kusoma, na Malawi ilitoa chake mwaka 2010. Na namba yoyote chini ya miaka mitano hubadilika sana. Isitoshe, ulemavu wa akili hauthibitishwi kwa namba peke yake. Lazima iulizwe anavyokula, anavyovaa, anavyojisaidia, anavyojikinga na hatari.

Wala usonji si jina jingine la ulemavu wa akili. Katika ufuatiliaji wa Marekani wa mwaka 2020, kati ya watoto wa miaka 8 wenye usonji waliokuwa na kipimo cha akili, kama asilimia 38 ndio waliokuwa na alama 70 au chini. Waliobaki walikuwa juu ya hapo.

Dodoso si hukumu

Dodoso la kuchuja usonji linalotumika sana duniani, M-CHAT-R, lina maswali 20 ya ndiyo na hapana kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo. 3 hadi 7 zinadai mahojiano ya pili. 8 na kuendelea, apelekwe kupimwa moja kwa moja. Watu hulijaza mtandaoni, wakaona 5, wakalia usiku kucha bila kufanya yale mahojiano ya pili. Katika utafiti mkubwa wa Marekani, hata kati ya waliobaki na alama za hatari baada ya mahojiano na kisha kupimwa kikamilifu, karibu nusu tu ndio walikuwa na usonji. Lakini takriban 95 kati ya 100 walikuwa na ucheleweshaji wa aina fulani uliohitaji msaada. Kwa hiyo alama hizo ni sababu ya kwenda mbele, si jina la ugonjwa.

Dalili zinazotosha kumpeleka bila dodoso lolote ni hizi: hatoi sauti za kichanga kama "bababa" wala ishara akiwa na miezi 12, hana neno hata moja akiwa na 16, haungi kauli yake mwenyewe akiwa na 24, au amepoteza alichokuwa nacho, katika umri wowote.

Kuhusu udata, ulimi ulioshikwa chini unaweza kusumbua kunyonya na pengine sauti chache, lakini hauwezi kumfanya mtoto asielewe maneno wala asinyooshe kidole. Kukata kimeo hakuhusiani kabisa na kusema, na kumewaletea watoto kuvuja damu na maambukizi. Chanjo ya surua-rubella hutolewa kwetu miezi 9 na 18, umri uleule dalili zinapoanza kuonekana, ndiyo maana hushukiwa kuleta usonji. Andiko la kitafiti la 1998 lililozua hofu hiyo lilifutwa mwaka 2010 na jarida lilelile lililolichapisha. Lugha nyingi nazo hazina kosa. Mtoto anayesikia Kisambaa kwa bibi na Kiswahili mtaani apimwe kwa zote mbili na maneno yajumlishwe. Kumkataza bibi lugha yake ni kumpunguzia mtoto mtu wa kuzungumza naye. Na familia ikimwita shehe amsomee, hilo ni la imani yao, mradi hakuna chale, kufungiwa wala kuahirisha hospitali.

Siku ya kupimwa

Wataalamu wa usemi na lugha ni wachache nchini na wengi wako Dar es Salaam, kwa hiyo ile nafasi moja ukiipata, iandalie. Beba kadi ya kliniki na majibu ya masikio. Mlete mtoto asubuhi, ameshiba, na kitu anachokipenda mfukoni, hata kama ni kipande cha kamba. Rekodi kwa simu vipande vinne vya dakika mbili mbili: akila, akicheza na ndugu zake, akiitwa jina kutoka nyuma, akikasirika. Simu ishikwe kwa upana, mtoto na mwenzake wote waonekane, na anayerekodi asimwelekeze. Dakika hizo huonyesha mengi kuliko saa nzima kwenye chumba kigeni.

Mpimaji mzuri atagawa kazi katika vikao viwili au vitatu vya nusu saa hivi, na ataanza sakafuni, si mezani. Ripoti ikiwa na neno "usonji" na muhuri tu, irudishe kwa heshima uombe iliyobaki: anaelewa nini bila ishara, anajieleza kwa njia zipi, anaweza nini akisaidiwa, na mambo mawili au matatu ya kuanza nayo nyumbani na kwa mwalimu wiki hii. Iwe na tarehe ya kupimwa tena, miezi 6 mbele kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, na orodha ya vitu vilevile alivyoshindwa ili siku hiyo vijaribiwe tena.